Aliyerithi Namba ya Mzee Sweta

Faili lilikuwa na jina lake, ila lilikuwa limeandikwa miaka mingi kabla hajaajiriwa.

Alilitazama kwenye skrini, akadhani macho yanamdanganya, akaiandika upya amri ya kuorodhesha mafaili. Mashine ikamrudishia orodha ile ile: faili baada ya faili, mengine ya enzi ambazo yeye bado alikuwa shuleni akichapwa viboko kwa kuchelewa, na kwenye nafasi ya mmiliki limeandikwa jina lake. Akachungulia mlango kwanza, ndipo akafungua mwongozo. Hiyo ilikuwa desturi yake, hakuna kusoma kabla ya kuchungulia mlango.

Maana hakuna aliyetakiwa kujua kwamba anasoma. Pale hospitalini watu wote, kuanzia bawabu hadi madaktari, walimwita Shemeji. Alikuwa amemwoa dada yake mkurugenzi, na hakuna aliyejiuliza kazini aliingilia mlango gani. Jina lenyewe walilitamka kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma. Mtunza seva wa zamani alipofariki, mkurugenzi alikuwa amekuja kula kwao, akamuuliza mbele ya mkewe kama si yeye aliyesomea kompyuta, na kama Linux, ule mfumo unaoendesha seva, anaiweza. Mkewe akamtazama kwa macho yaliyojaa matumaini. Akajibu kwamba anaiweza. Kompyuta aliyosomea ilikuwa ya kuchapa barua na kupanga majedwali. Linux aliijua kwa jina tu, kama unavyomjua mtangazaji wa redio ambaye hujawahi kukutana naye.

Kesho yake akaenda kwenye duka la kopi akachapishiwa mwongozo wa kuendesha seva, kitabu kizima kilichobanwa ubavuni kwa waya wa plastiki. Akakivisha jalada la katalogi ya vitanda vya wagonjwa. Akawa anajifungia nacho kwenye chumba cha seva, chumba kisicho na dirisha, chenye baridi ya kukausha midomo, akisoma ukurasa baada ya ukurasa. Alichoambiwa na kitabu alikifanya papo hapo kwenye mashine ya watu, seva ile ile iliyobeba majibu ya vipimo vya kila mgonjwa. Mashine ya kujaribia angeweza kuiomba, lakini fundi aliyeiva anaomba ya kujaribia ili iweje? Angeumbuka.

Kosa lake lilianzia hapo. Ukurasa mmoja ulimfundisha jinsi ya kufuta akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka na kuunda ya mwingine. Akaifuta ya marehemu, akaunda yake, akafurahi, akafunga kitabu akaenda kunywa chai. Tahadhari ilikuwa nyuma ya ukurasa ule ule. Aliifikia sasa, siku kadhaa baadaye, orodha ya mafaili ikiwa mbele yake. Mashine haimjui mtu kwa jina, tahadhari ilisema, inamjua kwa namba. Ukimfuta mtu bila kuondoa vitu vyake, kisha ukamwandikisha mwingine, mgeni anaweza kupewa namba ile iliyoachwa wazi, na kila kilichokuwa cha yule wa kwanza kikahesabika kuwa chake.

Kumbe amerithi tu. Akashusha pumzi. Alidhani urithi wenyewe ni mafaili.

Huyo marehemu waliyemwita Mzee Sweta, kwa sababu ya sweta la sufi alilovaa mwaka mzima kwa ajili ya baridi ya kile chumba, alikuwa mtu asiyeacha alama. Siku ya mazishi watu walisimama kusema neno juu yake wakakosa la kusema. Hakuna aliyekumbuka alikuwa akichekeshwa na nini, wala alitokea wapi. Hata nduguye wa tumbo moja alikuwa akiuliza waombolezaji kama marehemu aliacha watoto. Watu wakasema ni uchungu umemchanganya.

Asubuhi moja Shemeji akafika kwenye somo la ruhusa, yaani nani afungue faili, nani aandike ndani yake, nani aishie kutazama. Akajaribu. Akakosea folda, au huenda alikosea nukta moja tu, hakuja kujua, na majibu yote ya maabara yakajifunga hospitali nzima. Simu ya mezani ikaanza kulia. Wodi ya wazazi. Mapokezi. Chumba cha upasuaji. Kisha mkurugenzi mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejizuia, akasema anashuka huko chini, na anashuka na wageni wa bodi.

Jamani, aibu usiione kwa mwenzio ukacheka. Hakuwaza wagonjwa, na hilo lilikuja kumtafuna sana baadaye: kulikuwa na mtu amelazwa kwenye meza ya upasuaji akisubiri ijulikane damu yake ni ya kundi gani, na yeye alikuwa akiwaza uso wa shemeji yake. Akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha seva, akanong'ona, "Nisitiri. Yeyote uliyemo humu, nisitiri."

Mtu mwenye akili zake humtaja anayemwomba. Yeye hakutaja.

Feni za mashine zikashusha sauti zote kwa pamoja. Ikaja harufu ya sweta la sufi lililokunjwa kabla ya kukauka. Kisha vibonye vya kibodi vikaanza kushuka na kupanda vyenyewe, taratibu, kwa mwendo wa mzee asiye na haraka, na kwenye skrini zikajiandika amri ambazo hakuwahi kuzifikia kitabuni, moja, na nyingine, na nyingine, mpaka simu zote zikanyamaza. Mlango ulipofunguliwa walimkuta amesimama, majibu yamerudi, midomo imemkauka. Wageni wakampa mkono. Mkurugenzi akamshika bega akawaambia, "Huyu ndiye fundi wetu."

Fundi. Hakusema shemeji. Mtu mwingine angetoka mbio siku hiyo hiyo na asirudi hata kuchukua mwavuli wake. Yeye alibaki, kwa sababu lile neno lilikuwa tamu.

Tangu hapo kazi ikawa inajifanya. Akifika asubuhi anakuta nakala za akiba zimehifadhiwa, hitilafu zimetibiwa, na kumbukumbu za mashine zinaonesha kwamba aliyefanya yote ni yeye. Akikaa kwenye kiti alisikia kimekwisha kupata joto. Alijizoeza kutogeuka nyuma. Sifa zikapanda ghorofa baada ya ghorofa, bawabu akaanza kumpigia saluti, na mwongozo ukabaki pale pale alipokuwa ameufikia, kwa maana mtu anayebebwa hajifunzi kutembea.

Wa kwanza kulipa alikuwa Dada wa Maabara. Huyu alikuwa mpima damu, mwanamke wa makamo, mcheshi, anayejua shida za kila mtu bila kuzitangaza. Alishuka siku moja kuulizia printa yake, akakuta ile katalogi ya vitanda imeachwa wazi mezani, na ndani yake hakuna kitanda hata kimoja. Akafunua kurasa mbili tatu, akaona mistari iliyopigiwa kalamu, akaelewa.

"Kumbe unajifunzia kwetu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akamweleza kwamba hata yeye mwaka wake wa kwanza alikuwa akijifungia chooni na vitabu, kwamba asiogope, siri atamtunzia, na ana binamu yake anayezijua mashine hizi, amlete amfundishe. Shemeji akamshukuru kwa mdomo. Moyoni alitamani ardhi ipasuke immeze mmoja wao, na hakuchagua yupi. Nyuma yake feni zikashusha sauti.

Kesho yake yule mama alimwamkia kwa heshima zote, "Habari za asubuhi, Fundi," wala usoni hapakuwa na dalili yoyote ya jana. Shemeji akamgusia habari za yule binamu. "Binamu gani?" yule mama akauliza. Moyo ukamtua Shemeji, hata akatabasamu. Adhuhuri wakakutana koridoni, na yule mama akamuuliza ni saa ngapi. Mwenyewe alikuwa amevaa saa mkononi. Alipooneshwa aliitazama, akaigeuza huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naijua hii. Jana nilikuwa naijua." Vipimo vya damu huhesabiwa kwa dakika. Haikupita wiki wakampa likizo isiyo na tarehe ya kurudi, na mumewe akawa anakuja kumchukulia vitu vyake kidogo kidogo.

Alijua. Tusimtetee. Shemeji alijua siku ile ile pale koridoni, na alirudi chumbani akakaa kwenye kile kiti chenye joto.

Wa pili alikuwa mkewe. Jioni moja alikuwa akitoa sare chafu kwenye begi azifue, mkono ukakutana na kitabu. Akamuuliza ni cha nini. Alikuwa amechoka kuficha, akamwambia: Linux hakuijua, alidanganya, anasoma kwa kuibia. La chumba cha seva hakulitaja, wala la Dada wa Maabara. Machozi yakamlengalenga mkewe, kisha akamshika kwa mkono wake uliokuwa bado na sabuni.

"Ungeniambia mume wangu. Tungekaa hapa mezani tukasoma wote wawili. Mimi sikuolewa na cheo."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kuambiwa neno zuri kama lile. Na hakupata nafasi ya kulifurahia, kwa sababu friji pale jikoni, ambalo lilikuwa likinguruma tangu walinunue, lilishusha sauti yake taratibu, na ile harufu ya sufi mbichi ikapita kati yao wawili, ikielekea upande wa mkewe. Hapo ndipo alipofahamu kwamba kilichomsitiri kilikuwa jini, na kwamba halikai kwenye mashine. Linakaa kwa mwenye namba.

Asubuhi mkewe alimpangia begi akiimba, akamwita fundi wake. Kisha akachukua simu akampigia kaka yake, mkurugenzi, akamuuliza mama yao hajambo, mbona wiki nzima hajapiga. Mama yao walikuwa wamemzika mwaka uliopita. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Alimsikia mkurugenzi kwenye simu akisema polepole, dada yangu, dada yangu. Akamwona mkewe akipata msiba ule kwa mara ya kwanza, akianguka chini, akilia kilio kile kile cha mwaka jana. Na siku iliyofuata akauliza tena. Na iliyofuata. Kila alipoambiwa alifiwa upya, mpaka kaka mtu, macho mekundu, akaamua kwamba wawe wanamjibu tu kuwa mama hajambo, anasalimu.

Shemeji akapiga moyo konde, akamtafuta mganga. Aliyeelekezwa kwake alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, aliyepanga chumba nyuma ya duka la vyerehani. Kabla hajafungua kinywa, yule mganga alinusa hewa, akavuta kiti chake nyuma.

"Usiniambie unachoficha," akasema. "Niambie tu kama unaficha."

"Naficha."

"Na wanaojua wanasahau."

"Ndiyo, mama."

Mganga akavua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akamweleza kwamba liko jini la sitara, lisilotaka damu wala ubani. Linamfunika mtu aibu yake, na kila linapomwondolea mwenziwe habari za aibu hiyo hung'oa na kitu kingine cha karibu, kama magugu yanavyotoka na udongo. Aliyekuwa nalo kabla yake lilimfunika mpaka akafunikwa mwenyewe asionekane. Kulifukuza si kwa dawa. Aende mbele ya wote anaowaficha, wakiwa pamoja, ajianike mwenyewe. Likikosa cha kufunika litaondoka.

"Ila uanike yote," mganga akasema. "Ukibakiza hata punje, litaikalia hiyo punje, na wote waliokusikia watalipa. Na kwangu usirudi, mwanangu. Nina watu ninaotaka kuendelea kuwakumbuka."

Kikao cha wafanyakazi kilikuwa Jumatatu asubuhi kwenye ukumbi wa kulia chakula. Jua liliingia madirishani, vikombe vya chai vilikuwa mezani, hapakuwa na kitu cha kuogofya. Alisimama mwishoni, mkurugenzi alipouliza kama kuna mwenye neno. Wakampigia makofi kabla hajasema kitu, na makofi yale yalimwingia kama maji machafu.

Akasema. Kazi hii haijui, alidanganya ili aipate, alijifunza kwenye mashine ya wagonjwa akiwa na kitabu alichokivisha jalada la uongo, na siku majibu yalipofungwa ni yeye aliyeyafunga. Minong'ono ikapita ukumbini. Bawabu akatazama chini. Uso wa mkurugenzi ulikunjamana, si kwa hasira, kwa kuumia, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Lakini alisimama imara, akaanza kuona kwamba aibu kumbe inabebeka, kwamba mtu anaweza kuwa ameivaa na bado anapumua.

Kikabaki kile kingine. Kwamba alijua. Kwamba Dada wa Maabara alipopotewa na saa yake yeye alijua kwa nini, akanyamaza wiki baada ya wiki kwa sababu ya saluti ya bawabu. Akafungua mdomo, na macho yake yakamwangukia Dada wa Maabara mwenyewe, ameketi karibu na mlango, amekuja kumalizia kuchukua vitu vyake, mumewe amembebea pochi. Yule mama alikuwa akimtikisia kichwa kwa upole, kumtia moyo. Hakuna mwingine ukumbini aliyekuwa akimtazama kwa huruma.

Asingeweza. Mbele ya yule, asingeweza.

"Ni hayo tu," akasema. "Naomba radhi."

Mapangaboi ya dari yakapunguza mwendo. Akajua amefanya nini kabla hayajasimama, akapaza sauti kwamba ngojeni, sijamaliza, liko jingine, lakini harufu ya sufi mbichi ilikwisha kujaa ukumbi, nzito, ikipita meza kwa meza kwa mwendo ule ule wa mzee asiye na haraka, ikiinama kwenye kila sikio, na kila ilipoinama uso mmoja ulilegea, wa muuguzi, wa mpishi, wa daktari wa watoto, wa bawabu, na yeye alikuwa akipiga kelele sasa, akitaja lile lote alilolibakiza, saa na simu na kiti chenye joto, na maneno yalikuwa yakimtoka mdomoni bila kufika popote, mpaka ikafika meza ya mbele, ikainama kwa mkurugenzi, ikakaa hapo kuliko kote.

Kisha mapangaboi yakazunguka. Mtu mmoja akapiga makofi, na wote wakafuata. Mkurugenzi akasimama akamshukuru Fundi kwa maneno yake ya hekima. Watu wakanyanyuka kurudi kazini, ila wengine walibaki wamesimama kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Bawabu alimuuliza mpishi geti liko upande gani. Muuguzi mmoja alitazama picha kwenye simu yake, ya mtoto, akaipitisha kwa wenzake kuulizia ni wa nani.

Jioni mkurugenzi akasisitiza kumpeleka nyumbani kwa gari lake, kwa heshima ya fundi. Njiani alizungumza vizuri, ila hakumwita shemeji hata mara moja. Mlango ukafunguliwa na mkewe, amefunga kanga kiunoni, uso umechangamka.

"Kaka! Karibu ndani."

Mkurugenzi akarudi hatua nyuma, akatabasamu tabasamu la mtu anayekutana na mke wa mfanyakazi wake. "Hujambo mama," akasema, akimpa mkono. "Mumeo ni hazina kwetu." Mkewe akacheka, akidhani ni utani. Akasubiri utani uishe. Mkurugenzi akaaga kwa adabu, akaingia garini, akaondoka.

Mkewe alibaki kizingitini mpaka vumbi likatulia. Alipoingia ndani alikaa mezani, akawa anakunjua na kukunja pindo la kitambaa.

"Nimemkosea nini kaka yangu?" akauliza.

Kwenye kona, friji likashusha sauti. Likangoja.

Shemeji akakaa karibu naye. Angeweza kumwambia. Lakini ni nini kilichobaki kwa mwanamke huyu cha kung'olewa, zaidi ya yeye mwenyewe aliyeketi hapo? Alijiambia kwamba ananyamaza kumlinda, na huenda ilikuwa kweli. Ila alijijua. Hata kama kusingekuwa na jini, angenyamaza.

"Sijui," akasema.

"Basi nimemkosea tu, mtu hamkani nduguye bure." Akajifuta macho kwa kiganja. "Wewe watu wanakuheshimu, usijisumbue na mambo ya ukoo wetu. Kosa ni langu. Nitampigia mama aniombee radhi, kaka humsikia mama." Akanyoosha mkono kuchukua simu.

Mumewe akauwahi mkono ule, akaushika. "Mama atakuwa amelala," akamwambia. "Mpigie kesho."

Mkewe akamshukuru kwa kumfikiria mama yake, akaenda kumpakulia chakula.